Anaoga afande, anakohoa mwanangu

Leo nimepanda darini, nikashuka nimewaka hasira!

Ninyi ndugu zangu wa Jinja mnalala madirisha wazi. Huku Mbale baridi inashuka kutoka mlimani, na watu wanaoga maji ya moto.

Tangu tuhamie mtaa wa Malukhu, dari iliyo juu ya kitanda cha mwanangu inaota ukungu mweusi. Mtoto anakohoa hadi anatapika.

Mwenye nyumba ni afande mstaafu wa magereza. Tunaishi naye ukuta kwa ukuta, chini ya paa moja. Kila nikilalamika, ananikaripia:

"Nyinyi nafunga madirisha kama jela! Kwangu bafu iko kavu. Mimi iko na feni ya kutoa mvuke!"

Hiyo feni, jamani, hata wageni anawaonyesha.

Asubuhi hii dari imepasuka, maji yakammwagikia mtoto kitandani. Nikachukua ngazi, nikapanda.

Bomba la feni yake halitoki nje. Limepita darini, likaishia juu ya kitanda cha mwanangu!

Yaani anaoga yeye, anakohoa mwanangu.

Nikamwita aone. Akachungulia, akakuna kichwa.

"Sasa mimi natoboa ukuta, baridi si itaingia kwangu?"

Kwangu!

Alipotoka kwenda sokoni nikapanda tena, nikaligeuza bomba. Sasa linatazama chumba chake cha kulala.

Nawaandikia kwenye kompyuta ya kazini. Nimekosea? Semeni haraka, kabla hajaoga.