Isale kwa Mbolea ya Mama

Serikali ilipotangaza mbolea ya ruzuku, mama alikuwa miongoni mwa wa kwanza kijijini kujiandikisha. Kihamba chetu, kile cha migomba na kahawa kinachozunguka nyumba, kinatosheka na samadi ya mbuzi. Lakini mahindi tunalima kule chini tambarare, na udongo wa kule umechoka. Bila mbolea unaambulia vigunzi. Mahindi hayo ndiyo chakula cha mama cha mwaka mzima.

Aliyemwandikisha ni jirani yetu, aliyepewa kazi hiyo hapo kijijini. Ujumbe wenye namba ya kuchukulia mbolea ulipoingia kwenye simu ya kitochi ya mama, yeye, asiyeona maandishi madogo, alimpelekea huyo huyo amsomee. Alimsomea vizuri kabisa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Masika yalipokaribia, mama alishuka Moshi. Mimi ni fundi cherehani Pasua, hapo hapo mjini. Siku hiyo nilifunga kazi, tukaenda pamoja kwa wakala wa pembejeo. Muuzaji alibonyeza simu yake, akasema mbolea ya namba ile imeshachukuliwa. Mama akamwomba aangalie tena. Akaangalia tena. Mbolea ya bei ya kawaida ilikuwepo tele, imepangwa mpaka karibu na dari, na hatukuiweza.

Kinachonikera mpaka leo ni kwamba mama alimwomba radhi muuzaji kwa kumsumbua. Aliyeibiwa yeye, na radhi akaomba yeye!

Nilitaka kwenda wilayani kushtaki siku ile ile, na njia nzima ya kupanda nyumbani nilimweleza kila aliyenisalimia. Mama akasema tumwulize jirani kwanza. Hatukuhitaji kumwuliza. Jumapili baada ya misa alikuja mwenyewe, ameongozana na mzee wa ukoo wake, mkononi ameshika jani la isale lililopigwa fundo. Kwetu Wachaga, anayekuletea isale anakiri kosa, na wewe huna ruhusa ya kumkatalia. Unasamehe, na shauri linaishia hapo. Alisema shetani alimpitia, mifuko alishaiuza, akainamisha kichwa. Mama alilipokea jani kwa mikono miwili.

Isale huletwa na mtu aliyejuta. Huyu alilileta kwa sababu alisikia nitamshtaki. Mbolea hakurudisha hata kopo moja, wala hakusema atairudisha lini. Na yule mzee, niliyemwamkia shikamoo kwa heshima zote, alikunywa chai yetu huku akisifu moyo wa mama. Moyo unasifiwa, shamba linalala na njaa. Hiyo ndiyo ruzuku iliyotufikia sisi.

Walipoondoka nilimwambia mama kwamba ameuza chakula cha mwaka mzima kwa jani moja. Alikuwa anasuuza vikombe. Alimaliza, akavifunika.

"Nimemsamehe, na mimi simshtaki ng'o," alisema. "Isale limeletwa kwangu. Wewe wamekuletea la kwako?"

Nikasema hapana.

"Basi kesho wahi wilayani, mwanangu, kabla foleni haijawa ndefu."