Siku Tubebane Walipokwenda Kukaa kwa Mwenyekiti

Hakuna aliyemwita kwa jina lake tena. Mume wake alimwita Mwenyekiti, watoto wa mtaani walimwita Mama Mwenyekiti, na mwenye gesti aliyempa mashuka ya kufua alimwandika kwenye simu yake Mwenyekiti Dobi. Cheo chenyewe kilikuwa cha kikundi cha mikopo cha akina mama wa mtaa, kinaitwa Tubebane, na alikishikilia kwa mikono miwili tangu siku ya kwanza. Vikundi vilivyoanza pamoja nao vilikwisha kusambaratika kwa ugomvi. Tubebane hakijawahi kuchelewesha rejesho, na ukimpa nafasi angekueleza sababu mpaka chai yako ipoe.

Sababu ilikuwa moja: kukaa. Kwenye mkopo wa kikundi mmoja akikwama wote wanamlipia, kwa hiyo wote wana haki ya kumfuata. Vikundi vingine vilimfuata mdaiwa kwa matusi na kung'oa milango, vikaishia polisi. Mwenyekiti aliona huo ni ushamba mtupu. "Sisi hatumtukani mtu," aliwaambia wenzake. "Tunakwenda kwake, tunakaa." Basi mwanachama akishindwa kurejesha, wote walifika kwake asubuhi, wakabisha hodi kwa adabu, wakaingia sebuleni wakakaa. Mwenye kufuma alifuma, mwenye mtoto alinyonyesha. Pesa hazikutajwa kabisa. Walikaa tu, mpaka mwenye nyumba mwenyewe alipoinuka akaingia chumbani na kutoka na kitu cha kuuza. Majirani nao hawakuhitaji kuambiwa, maana waliviona viatu vya kike vimejaa mlangoni.

Aliyewahi kukaliwa kwa muda mrefu kuliko wote ni Mama Kuku. Alikuwa mfugaji wa kuku wa mayai, mwanamke mwembamba asiye na maneno mengi, na ugonjwa ulipita bandani kwake ukafagia nusu ya kuku. Aliomba kupangiwa upya. Afisa wa mikopo alikwisha kuwaeleza kwamba jambo hilo lipo: mdaiwa hupunguziwa rejesho na kuongezewa muda, ila ni lazima wanakikundi walio wengi wakubali kwa kunyoosha mikono, na kikundi hakipewi mkopo mpya mpaka amalize. Mwenyekiti aliita kura papo hapo, sebuleni kwa Mama Kuku. Lakini kabla ya kuuliza alikohoa kidogo, akasema, "Tubebane hatujawahi kupangiwa upya, na hatutaanza leo." Hakuna mkono ulionyooka. Mama Kuku akauza kuku waliobaki kwa bei ya kutupa, na vizimba juu yake. Alibaki kwenye kikundi kwa kuwa hakuwa na pengine pa kukopa, akawa anapitisha mayai ya watu wengine nyumba kwa nyumba. Jina lilimganda vile vile, Mama Kuku asiye na kuku.

Sasa tuje kwa Mwenyekiti mwenyewe. Deni lake lilianza na wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke mwenye mdomo wa asali. Huyo wifi alikuja na mpango wa kufungua duka la vifaa vya shule. "Wifi yangu, wewe unaaminika," alisema. "Chukua kwa jina lako, rejesho nitakuwa nakuletea kabla hujaniuliza." Kumkopea mtu mwingine ndilo kosa ambalo Mwenyekiti alilikemea kila mkutano. Alilifanya hata hivyo, kwanza kwa sababu mumewe alikuwa amekaa pale pale akimkodolea macho, na pili kwa sababu moyoni aliamini kwamba sheria zile ni za wenzake. Akaweka dhamana mashine yake ya kufulia, ile kubwa iliyomtoa kwenye beseni, ambayo alihangaika miaka kumaliza kuilipia.

Wifi alileta rejesho la kwanza. La pili alilileta pungufu. La tatu alileta hadithi. Kisha duka likafungwa, wifi akahama mji, na simu yake ikawa haipatikani. Mumewe alipoulizwa alisema, "Dada yangu hana baya, ni biashara tu imemwendea kombo," akageukia ukutani.

Mtu mwingine angewaendea wenzake akasema nimekwama. Yeye asingeweza. Afadhali alale njaa kuliko akaliwe. Akakopa kwenye simu, mikopo ile isiyo na maswali, unabonyeza tu na pesa inaingia. Kikundi akakilipa kwa pesa ya kampuni moja, kampuni hiyo akailipa kwa pesa ya kampuni nyingine, na faida yote ya kufua ikawa inaishia kwenye riba. Rejesho lake lilifika kwa wakati, noti zimepigwa pasi. Mkutanoni wenzake walimpigia makofi, naye akayapokea.

Kampuni za simu zilipochoka kumkopesha, kijana wao wa kudai madeni akaanza kumpigia. Mwanzoni alikuwa na heshima zake. "Shikamoo mama yangu. Leo tunafanyaje?" Baadaye shikamoo ikatoweka. "Wewe mama, unajua wizi ni nini?" Halafu akaacha kumpigia yeye, akaanza kuwapigia watu waliomo kwenye simu yake, maana wakati wa kukopa alikubali masharti bila kuyasoma, kama tunavyokubali wote. Alimpigia mwalimu mkuu wa watoto. Alimpigia fundi bomba aliyewahi kuzibua mtaro wao mara moja tu. Na alimpigia mwenye gesti.

Mwenye gesti alikuja mwenyewe. "Usinielewe vibaya, Mwenyekiti," alisema, "lakini wakija kukamata vyombo hapa, mashuka yangu si yatakwenda nayo? Wageni nitawalaza kwenye magodoro matupu?" Kila gesti ilikuwa na uzi wa rangi yake uliopigwa kwenye pembe ya shuka ili yasichanganyike, na huyu alikuwa wa uzi wa bluu. Akayachambua ya bluu yote, hata yale mabichi, akayatia kwenye mfuko yakitiririka maji. Mwenyekiti alimshikia mfuko. Aibu aliyoisikia ilikuwa kali kiasi kwamba alitamani yule bwana amtukane.

Ndipo akaenda ofisi ya msaada wa sheria, mtandio umeshushwa mpaka kwenye nyusi. Dada aliyekuwa mezani alimsikiliza mpaka mwisho bila kushangaa, na kutoshangaa kwake kukampa nafuu.

"Kwanza, acha kukopa ili ulipe. Acha leo," yule dada alisema. "Pili, huyo kijana akipiga, mwambie akuletee madai yake kwa maandishi. Akiendelea kusumbua watu wengine, tuletee namba yake sisi. Deni ni lako na utalilipa, lakini halilipwi kwa kuvuliwa nguo hadharani. Nenda kwenye kampuni zenyewe, waambie unachoweza kutoa kila mwezi, hata kama ni kidogo. Tatu, hili kubwa la kikundi. Si huwa mnapangiana upya?"

"Kikundi chetu hakifanyi hivyo."

"Nani amesema?"

Mwenyekiti aliangalia sakafu. Aliyesema ni yeye.

Aliamua kwamba mkutano ujao atavunja ukimya. Lakini rejesho halikusubiri mkutano. Lilipita bila kulipwa, na Jumamosi asubuhi akasikia hodi. Aliijua hodi ile, nyembamba, ya adabu, maana ndiye aliyeifundisha.

"Karibuni," alisema.

"Asante, Mwenyekiti," akajibu katibu, mshonaji mnene ambaye siku zote alikaa mkono wake wa kulia.

Waliingia mmoja mmoja wakiacha viatu mlangoni. Viti havikutosha, na Mwenyekiti akajikuta anahangaika kuwatafutia pa kukaa, akileta vigoda vya jikoni, akigeuza ndoo na kuifuta kwa kanga. Mumewe alipita katikati yao na mswaki mdomoni, akasalimia, akatokea mlango wa uani. Hakuonekana tena asubuhi ile. Dada yake ndiye aliyekula, na yeye ndiye aliyekimbia.

Wakakaa. Katibu akatoa kitambaa chake cha kufuma. Uani mashine ilikuwa inafua mashuka ya mteja wa mwisho aliyebaki, na kwa vile hakuna aliyesema, mngurumo wake ulijaa nyumba nzima. Mama Kuku alikaa karibu na mlango, trei zake za mayai magotini. Mwenyekiti aliwaangalia akagundua jambo ambalo hakulijua miaka yote aliyokuwa upande wa pili: kwamba ukimya ule unauma kuliko tusi, kwa sababu tusi ungeweza kulijibu.

Akasimama. "Naomba kupangiwa upya," alisema. Sauti ilimtoka ndogo, akarudia. Akawaeleza ya wifi, akawaeleza ya simu, hakuficha kitu. "Nitalipa yote. Naomba muda tu."

Katibu aliweka kitambaa chini. Hakuwa na furaha, tumtendee haki. "Mwenyekiti, shule zinafunguliwa. Wote hapa tunasubiri mkopo mpya. Tukikupangia upya, mkopo haupo."

"Najua."

"Na wewe ndiye uliyetufundisha."

"Tubebane hatujawahi kupangiwa upya," akadakia mmoja kutoka kwenye ndoo, kwa upole kabisa, kama anayekumbusha somo.

"Pigisha kura, Katibu," Mwenyekiti alisema. "Hata hivyo pigisha."

"Wanaokubali, nyoosheni mikono."

Macho yote yalishuka. Wengine walitazama kucha zao, wengine watoto wao. Kisha karibu na mlango Mama Kuku alihamishia trei kwenye goti moja, azishike vizuri, akanyoosha mkono. Aliunyoosha wote, mpaka juu. Wenzake walimtazama kama aliyemwaga kitu sakafuni. Katibu akasubiri kidogo, akazungusha macho sebuleni, hakuona mwingine.

Uani mashine ilimaliza kufua, ikatulia.

Mwenyekiti alitoka akatoa mashuka, akayagawa kwenye mabeseni. Akachomoa waya, akafungua mpira wa maji, akaufuta. Hakuulizwa na hakungoja kuulizwa. Mnunuzi alikuwa nje ya geti na vijana wa mkokoteni tangu mapema, na hilo nalo lilikuwa fundisho lake: njooni na mnunuzi, msimwachie mdaiwa nafasi ya kubadili mawazo. Vijana wakaibeba mashine, wakaipitisha sebuleni katikati ya akina mama, nao wakavuta miguu kuipisha. Pesa zikahesabiwa, deni la kikundi likaisha, lakini za kuzilipa kampuni za simu hazikubaki. Kisha akina mama wakainuka, kila mmoja akamshika mkono. "Pole, Mwenyekiti." "Pole sana, Mwenyekiti." Cheo walimwachia.

Mama Kuku alikuwa wa mwisho, akitafuta kandambili yake iliyosukumwa chini ya kabati.

"Mama Kuku," Mwenyekiti alisema. "Asante."

"Ya nini?"

"Ya mkono."

Mama Kuku aliipata kandambili, akaivaa, akachukua trei zake. "Siku ile kwangu nilikuwa nakuangalia wewe," alisema. "Nilijua kura nitashindwa. Nilisema, akininyooshea huyu mmoja tu, nitajua nina mtu. Ulikuwa umeshika kalamu, hata uso hukuinua. Sasa hiyo naijua inavyouma. Sikutaka kumfanyia mwingine."

Mwenyekiti alianza kulia, kilio cha mtu asiyezoea, chenye kwikwi. "Nisamehe, dada yangu."

"Hapana," Mama Kuku alisema, bila hasira. "Mkono nimekunyooshea. Kusamehe sijafika huko."

Akatoka, akafunga mlango polepole kwa ajili ya mayai.

Simu ikaita. Alikuwa yule kijana wa kudai. "Niletee kwa maandishi," Mwenyekiti alimwambia, "na Jumatatu nitakuja ofisini kwenu kusema ninachoweza kutoa." Kijana hakuzoea kujibiwa hivyo. Siku nyingine angejisikia mshindi. Leo alikata tu, akaenda uani.

Mahali ilipokuwa mashine ilibaki alama ya mraba sakafuni, safi kuliko pengine pote. Yale mashuka ya mteja wa mwisho yalikuwa yanasubiri kusuuzwa na kukamuliwa, na yalikuwa ya vitanda vikubwa. Shuka la kitanda kikubwa halikamuliwi na mtu mmoja; mmoja hushika huku, mwingine kule, mnazungusha. Alilitoa la kwanza kwenye beseni, akashika pembe zake, akageuka kana kwamba kuna mtu wa kumpa upande wa pili. Mlangoni hakukuwa na kiatu hata kimoja. Basi akalifunga kwenye nondo ya dirisha, akarudi nyuma, akaanza kulizungusha peke yake.