Kibao cha Hifadhi

Mwezi uliopita nilirudi Utende, nikaenda mpaka ile rasi ya mawe. Watoto wa siku hizi, wasichana kwa wavulana, wanapanda mawimbi kwa mbao walizoachiwa na wageni. Nilisimama nikawatazama, na wallahi niliwachukia.

Zama zangu, ndugu yangu, mimi nilipandia kibao cha hifadhi. Hifadhi ya bahari ilikuwa bado mpya. Walisimamisha kibao cha kukataza uvuvi, upepo wa kusi ukakiangusha, nikakificha vichakani. Bibi yangu na jirani yetu wakiinama kufunga mwani, mimi huyo, mbio rasini. Sikuwa mgeni wa mawimbi tena, wala sikuwa fundi. Kusimama nilijua, kukata kushoto wimbi likifunguka nilijua. Kilichonishinda ni kulipita jiwe la mwisho.

Siku hiyo nikalipita. Nililipita kweli! Nikashangilia, nikajisahau, na wimbi la pili likanitupa juu ya jiwe lile lile. Paja likachanika juu kabisa, pale pasipoonyeshwa watu.

Nikarudi nimejifunga kanga, nachechemea, damu inashuka mguuni. Aliyeniona kwanza ni jirani. Hakuuliza kitu. Alitupa kamba za mwani akapiga kigelegele, na wanawake wote ufukweni wakakipokea: nimevunja ungo.

Nyumbani nikamfunulia bibi jeraha. Nilijua nitachapwa, maana rasini alinikataza, lakini bora fimbo kuliko kuwekwa ndani nikaiaga bahari. Bibi alitazama vizuri. Akaosha kwa maji ya chumvi, akafunga kitambaa, taratibu, mikono yake inanukia nazi.

"Bibi, ni jiwe," nikasema.

"Nimeona. Lakini kigelegele kikishatoka hakimezwi."

Nikawekwa ndani. Kungwi akaja kunifunda: namna ya kukaa, ya kuinamisha macho, ya kunyamaza. Siku ya kutolewa niliogeshwa maji ya moto, na kuni zake nilizitambua kwa maandishi. Neno MARUFUKU liliungua herufi moja moja chini ya sufuria. Nililia. Wanawake wakasema mwari akilia ndiyo adabu, wakanipakulia pilau. Ilikuwa tamu, Mungu anisamehe, nikaila yote.

Damu yenyewe ilikuja baadaye sana, nimeshachumbiwa. Hakuna aliyepiga kigelegele.

Bibi na jirani wamekwenda zao, hata mashamba yale ya mwani hayapo tena pale walipokuwa wakiinama. Jiwe lipo. Mwezi huo uliopita, nikiwa nimesimama pale rasini, msichana mmoja alitoka majini damu inamtiririka mguuni mpaka kwenye kisigino. Mama yake alikuwa ameketi mchangani anamenya muhogo. Akainua macho.

"Kanawe," akamwambia, akaendelea kumenya.

Mtoto akanawa, akarudi majini. Kumbe lilikuwa neno moja tu.