Filamu Niliyomtafsiria Mama

Msinipe pole. Nina hasira na huu mdomo wangu, natamani niushone.

Jumapili baada ya misa, nyumbani Mabawe, nilimwekea mama filamu ya kwenye flashi. Muuzaji, mshenzi yule, aliniapia ni ya wanafunzi tu. Mama hajui Kiingereza, nikawa namtafsiria.

Wavulana wawili wanasoma pamoja, marafiki wa kufa na kuzikana. Mama akawapenda. Mara mmoja akamkalisha mama yake jikoni, akamwambia anampenda yule mwenzake, kimapenzi. Mimi, mtu mzima na ndevu zangu, nikafyata mkia.

"Anasema anataka kwenda seminari."

"Asante Bikira Maria!" mama yangu akashangilia. Mama wa kwenye filamu akamkumbatia mwanawe akilia, na wangu akalia naye. Si ningenyamaza hapo? Mjinga mimi nikaongeza, "Wanakwenda wote wawili."

Haukupita muda, mapadre wangu wakawa wanacheza muziki mbele ya shule nzima, wamekumbatiana, shavu kwa shavu.

Mama akazima runinga. Akanitazama.

"Na wewe, ile siku uliponiambia unataka seminari, ulitaka kuniambia nini?"