Muswada Uliposomwa Mara ya Kwanza

Mimi nilisoma kisomo cha watu wazima tu, tena jioni, macho yameshachoka na jembe. Lakini habari za Bunge nazijua kuliko wengi waliomaliza darasa la saba, kwa sababu miaka ile ya ujamaa niliamini kabisa kwamba Bunge limekuja kubomoa nyumba yangu.

Mume wangu alifariki akaniacha na mabinti, wote wameolewa. Mtoto wa kiume sikupata. Sisi Wakurya tuna njia yetu: mwanamke wa namna hiyo anatoa ng'ombe, anaoa msichana, na watoto atakaowazaa msichana wanakuwa wa nyumba ya yule mama. Mwanamume anayewazaa naye hana cha kudai. Ndoa hiyo tunaiita nyumba ntobhu. Basi nikaoa. Mimi nilimwita mkamwana, yeye aliniita mama. Kupalilia alikuwa mvivu, sifichi, lakini alinizalia wajukuu wawili wa kiume.

Ndugu wa marehemu, shemeji yangu, alikaa ng'ambo ya kijito na hakupenda mambo hayo. Ng'ombe wangu aliwaona ni wake.

Siku moja redio ikasema Muswada wa Sheria ya Ndoa umesomwa Bungeni kwa mara ya kwanza. Redio yenyewe ilikuwa ya fundi cherehani pale senta, Mwislamu mmoja kutoka Tanga, mpole, alinishonea gauni ambalo bado ninalo ila sasa halinitoshi. Fundi akatueleza kwamba katika muswada huo ndoa ni ya mwanamume na mwanamke. Asubuhi yake shemeji yuko mlangoni kwangu na fimbo.

"Shemeji, umesikia redio?"

"Nimesikia."

"Basi imesomwa, imekwisha. Huna mke. Huyu arudi kwao, watoto na ng'ombe warudi kwenye ukoo."

Mkamwana alikuwa anakamua. Hakuinua kichwa. "Na kukamua utakamua wewe?" akamwuliza.

Nilimwambia shemeji asiguse kitu mpaka nimwulize mbunge. Siku zile chama kilikuwa kimoja, wagombea wawili, mmoja alama yake jembe, mwingine nyumba, ili sisi ambao bado hatujajua kusoma tusipotee. Mimi nilichagua jembe, akashinda. Yule wa nyumba alikuwa na majivuno.

Nikatembea hadi Tarime, pale Bomani. Bunge lilikuwa limeahirishwa na mbunge amerudi nyumbani. Nikakaa kwenye benchi la ofisi ya chama toka asubuhi, karani akaniambia nije kesho, nikamwambia kesho nitakuwa hapa hapa maana siondoki. Mbunge akatoka mwenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mura, kijana wangu. Mbona mnaninyang'anya mke?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka, alikuwa Mkurya, alijua. Akakaa nami kwenye benchi.

"Mama, ukienda kuposa, siku ya kwanza mnafanya nini?"

"Tunasema kilichotuleta, tunakula, tunarudi."

"Ndiyo hiyo mara ya kwanza. Kinasomwa kichwa cha muswada, hakuna mjadala. Mara ya pili ndipo waziri anaeleza na sisi tunabishana. Kisha Bunge zima linakaa kama kamati, tunapita kifungu kwa kifungu."

"Kama kukagua ng'ombe wa mahari. Huyu kilema, huyu arudi."

"Hivyo hivyo. Mara ya tatu ni kukubali au kukataa. Na hata tukikubali bado si sheria mpaka Rais atie sahihi."

Nikamwuliza hao wote wanawezaje kubishana bila kupigana. Akasema yuko Spika, na kila mtu anazungumza na Spika, hata ukitaka kumsema mwenzako unamwambia Spika. Hiyo niliipenda. Nikamwambia basi mwambie Spika habari zangu. Nikamweleza, nikamtaka arudie. Akakosea, nikamsahihisha. Akarudia tena mpaka yakakaa sawa.

Nilirudi nikamwambia shemeji, "Wameposa tu. Ng'ombe hawajakaguliwa." Akaondoka na fimbo yake.

Miezi ikapita. Redio ikasema mara ya pili, ikasema mara ya tatu, ikasema Rais ametia sahihi. Nikaenda tena Bomani.

"Nilisema, mama," mbunge akaniambia. "Waziri akajibu sheria hii ni ya mume na mke. Nyumba yako haimo."

"Na wewe ukapiga kura gani?"

"Ya ndiyo."

Nilitaka kuondoka bila kuaga. Akanishika mkono. "Mama, kuna kifungu ndani yake. Binti haolewi mpaka mwenyewe aridhie. Hicho nisingeweza kukikataa."

Njia nzima nilikuwa namtukana moyoni, nilipofika mtoni nikakumbuka kile kifungu chake. Mkamwana wangu sikuwahi kumwuliza. Nilipeleka ng'ombe kwa baba yake, tukakubaliana sisi wakubwa, akaletwa.

Nilimkuta anasaga. Nikamwambia yote, kwamba sheria hainitambui, kwamba akitaka kwenda aende na sitadai ng'ombe.

Akasaga kidogo. "Mama, leo ndiyo unaniuliza?"

"Leo."

"Nitakaa. Ila kupalilia tugawane, na usinisengenye tena kwa binti zako."

Nilikubali. Hilo la pili lilinishinda mara kadhaa.

Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, karani alikuja kuandika kaya ili kila moja ipewe kiwanja. Shemeji akasimama pembeni akasema hapa hakuna ndoa, sheria imepita. Karani, kijana aliyeletwa kutoka mkoa mwingine, akanitazama mimi. Kabla sijafungua mdomo mkamwana akasogea mbele, mtoto mgongoni.

"Andika mama ndiye mkuu wa kaya. Mimi na watoto tuko kwake. Nimeridhia mwenyewe."

Karani akaandika. Shemeji akapewa kiwanja chake, safu ya pili nyuma yetu, na mwaka ule mahindi yetu tuliyapalilia mimi na mkamwana, wote wawili.