Plei ya Sebuleni Kasulo

Plei ya kwanza kufika mtaani kwetu Kasulo, mashine ya kuchezea michezo kwenye televisheni, ilikuwa ya kijivu. Ilipochoka tuliicheza ikiwa imepinduliwa juu chini, la sivyo haikusoma diski. Ya pili, nyeusi, kaka yangu mkubwa aliinunua Lubumbashi ikiwa tayari imetumika, akageuza sebule ya mama kuwa ukumbi wa michezo. Ya tatu ilikuja na maneti, vile vidhibiti vya kushika mkononi, zisizo na waya, betri ndani, tukajiona tumefika.

Wakati huo karibu kila nyumba ilichimba kobalti, madini ya betri, chini ya sakafu yake. Kaka alichimba shimo chumba cha nyuma, likapita mpaka chini ya sebule, akalificha kwa turubai. Polisi walikataza, kwa hiyo akaweka sheria: yeye akiwa shimoni, televisheni ipige kelele. Nani angesikia sururu katikati ya mechi?

"Musipunguze sauti," aliniambia akishuka kutoa mawe yake. "Haya majiwe natosha huku chini, batayarudisha mu maneti. Tunachezea bitu yetu!"

"Shuka, yaya, uache maneno," nilimjibu, nikimwita yaya kama tunavyowaita kaka wakubwa. Alicheka peke yake, kama kawaida yake.

Mchana huo sebule ilijaa. Mimi nilikuwa nikiwagawia wachezaji maneti kwa zamu, goli likaingia, watu wakaruka. Kisha umeme ukakatika. Wote waliguna, wakanyamaza, na katika ukimya ule tukasikia kugonga chini ya miguu yetu.

Shimo lilikuwa limeporomoka. Sijui alianza kugonga saa ngapi. Tulichimba kwa majembe, kwa mabeseni, kwa kucha, mama akimwita bila kupumzika. Kugonga kulikoma kabla hatujamfikia. Tulimtoa na sururu yake ikiwa bado mkononi.

Nina hasira naye mpaka leo, sifichi. Kelele aliyoitaka mwenyewe ndiyo iliyoziba kugonga kwake.

Sasa mama na mimi tunaishi mtaa mwingine, Kapata. Jirani ana plei ya tano, nyeupe, isiyo hata na mahali pa kutia diski. Mchezo unashuka kwa intaneti, na kwa mtandao wetu huu unashuka wiki nzima. Vijana wanaisifu sana. Mimi sijaigusa.

Umeme ukikatika, kelele za kwa jirani zinakoma ghafla. Mama huacha alichoshika, akalaza sikio sakafuni. Nimemwambia mara nyingi kwamba chini ya nyumba hii hakuna shimo. Namwambia tena, halafu napiga magoti kando yake, nasikiliza.