Namba Isiyo na Mtu

Mimi mtoto wa kambi ya polisi, mambo ya kutisha nilikuwa nimeyaona mengi. Lakini kompyuta ya ofisi yetu pale Kampala, banange, hiyo ilininyamazisha. Unapiga mstari mmoja wa amri kwenye taipu yake, nayo inakujibu kwenye karatasi. Mkuu wetu, mama mmoja mkali ambaye hata wanaume walimwita nyabo, yaani bibi mheshimiwa, kwa sauti ya chini, kwa mstari mmoja alimwingiza mtu mpya, kwa mwingine akamtia katika kikundi cha watu wa chanjo, naye akaweza kufungua mafaili ya wenzake.

Mwenzetu aliyeyatengeneza mafaili hayo ya chanjo za watoto alikimbilia Kenya. Haikuchukua muda, ofisa wa jeshi akaja akasimama nyuma ya kiti cha mama.

"Toa jina ya huyu mutu kwa mashine," alisema. "Sitaki kuiona tena."

Jasho lote la yule bwana, na watoto wa Kawempe waliokuwa wakisubiri sindano, vyote vilikuwa mikononi mwa mama. Akapiga amri ya kumfuta. Ofisa akataka jina lake litafutwe ili ahakikishe. Mashine ikajibu kwamba haimjui mtu huyo. Ofisa akaichana karatasi ile, akaitia mfukoni, akaondoka ameridhika.

Nilikasirika, nikidhani mafaili yamefutwa pamoja na jina, nikamwambia mama waziwazi kwamba ametumaliza. Akanivutia kiti, akanionyesha. Mashine haikuwajua watu kwa majina hata kidogo. Ilimjua kila mtu kwa namba yake. Jina limefutwa, lakini mafaili yako pale pale, mali ya namba isiyo na mtu, na kikundi bado kinayafungua. Tangu hapo kila mtu mpya alichaguliwa namba na mama mwenyewe, na ile ya yule bwana hakumpa yeyote, asije mwingine akayamiliki mafaili.

Serikali ilipoanguka yule bwana alirudi, amekonda, kola imemlegea. Akaandika jina lake, mashine ikamkana. Akacheka kwa uchungu, akasema alikuja kutusalimia tu, hapa hana kitu tena.

Mama akamwomba apishe kidogo. Akapiga mstari mmoja, jina la yule bwana pamoja na namba ile yake ya zamani, kisha akamrudisha kitini.

"Angalia vitu vyako, ssebo," alimwambia kwa heshima.

Karatasi ikaanza kutoka, faili baada ya faili, kila moja na jina la yule bwana pembeni. Aliishika kwa mikono miwili, machozi yakamzuia kusoma, nikamsomea mimi.